Wangemtoa Yule Mmoja

Tulimzika Shangazi Ngolo mwezi wa saba, siku ya upepo, na vumbi likatufuata kutoka makaburini mpaka chini ya turubai. Minza, mpwa wake, alikuwa amefika jana yake jioni kwa basi, amevaa kofia pana ya kitambaa na miwani mizito. Nilimtambua kabla hajageuza uso, kwa jinsi alivyosimama kwenye mlango wa uani akiinamisha kichwa upande mmoja, akiusikiliza ua kabla ya kuingia. Karibu miaka ishirini hatukuwa tumeonana. Tulishikana mikono muda mrefu, tukaulizana habari za safari na za watoto. Ni baada ya maziko, wakati sisi wanawake tunapakua wali kwenye masinia, ndipo vijana watatu waliokaa pembeni na simu yao wakaanza kubishana juu ya picha waliyoiangalia usiku wa mkesha, picha ya madude yaliyotoka sayari nyingine. Mmoja alisema steringi alikuwa mjinga kurudi kumfuata mwenzake. Mwingine akasema bila hivyo picha ingekuwa fupi. Minza alisimamisha upawa hewani akasikiliza. Kisha akaniambia polepole, kwa sauti ile ile, kwamba watu bado wanabishana yale yale. Tukacheka, na kicheko chenyewe kikatuogopesha kidogo, kwa sababu wote wawili tulijua kilikuwa kinatupeleka wapi.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kuitwa chuo, sina kazi zaidi ya kuchota maji na kupalilia bustani ya mchicha. Simiyu ilikuwa bado haijawa mkoa. Barua zetu ziliandikwa Shinyanga. Nyumba yetu ilitazamana na ya Shangazi Ngolo, na mimi nilikuwa kule kuliko kwetu. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki, anakwenda Lamadi kununua dagaa na sato wa kukausha, na chumba cha uani alichompa Minza ndicho kilichokuwa pia stoo yake. Kwa hiyo kila ninapokumbuka chumba kile nakumbuka kwanza harufu: dagaa, mafuta ya taa, na mafuta mazito ya kupaka ngozi ambayo Minza alitumia dhidi ya jua. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi la kijivu, na juu yake khanga, kwa sababu mwanga ulimuumiza macho. Mchana wa saa saba, wakati bati za mtaa mzima zinawaka, mle ndani kulikuwa na giza la kutosha kuonyesha sinema. Nadhani ndiyo sababu Mwalimu Elinami alikubali kuhamishia televisheni na deki yake mle. Mwalimu alikuwa mpangaji wa Shangazi, mtu wa Kilimanjaro, kijana bado, aliyeletwa Bariadi kufundisha fizikia, na alikuja na sanduku moja la nguo na boksi moja la CD. Karibu zote zilikuwa za aina moja: vyombo vya anga vilivyopotea, maabara chini ya barafu, vidudu vinavyoingia mwilini mwa mtu na kukaa.

Tulikuwa wanne. Minza, aliyekuwa na umri wangu, alikaa karibu sana na kioo, magoti yakigusa kimeza, kwa sababu macho yake hayakuona mbali. Mimi nilikaa kwenye mkeka nyuma yake. Masunga, mtoto wa Shangazi, kijana wa kubeba marobota kwenye kiwanda cha pamba, alijilaza juu ya magunia ya dagaa akiwa bado na nyuzi nyeupe za pamba kwenye nywele. Mwalimu alikaa kwenye kiti, kama mwalimu. Picha ikiisha, Shangazi alituletea matobolwa, vile viazi vilivyokaushwa na kuchemshwa pamoja na karanga, na kila mtu alitoa maoni yake huku anatafuna. Masunga alipima picha kwa idadi ya waliokufa na kwa kuangalia kama steringi amepona. Mwalimu alilalamika kwamba angani hakuna hewa, kwa hiyo ule mlipuko usingesikika, halafu akakiri kwamba hata yeye alikuwa amefumba macho. Mimi niliogopa kila kitu na maoni yangu yalikuwa mafupi. Minza ndiye aliyekuwa mkali. Hakuogopa dude lenyewe, na mara nyingi alilidharau. Alisema wameharibu kulionyesha mapema. Alisema alikuwa analiogopa vizuri kabisa lilipokuwa linakwaruza ndani ya ukuta, lakini lilipotoka akaliona kuwa ni mpira na ute. Kilichomkasirisha ni watu. Kwa nini wanatembea mmoja mmoja? Kwa nini anayesikia kitu anakwenda kukiangalia? Kwa nini hawaulizani maswali?

Wakati ule nilimwona anajua kuchambua picha. Nilikuwa sijaelewa kwamba alikuwa anazungumzia maisha yake. Alikuwa ameletwa mjini kutoka kijijini kwa mama yake, upande wa Meatu, kwa sababu tu ya ngozi yake, na watu wazima walipolizungumza jambo hilo walishusha sauti na kuhamia Kisukuma cha ndani. Halafu siku moja jioni, tukiwa tunachambua mchicha barazani, redio ikatangaza kuhusu mtoto mwenye ualbino kama wake aliyeuawa katika kijiji kimoja cha kanda yetu, na ikaeleza alivyokutwa. Shangazi aliinuka akaizima kabla mtangazaji hajamaliza. Minza aliendelea kuchambua majani. Nakumbuka alikuwa anatupa mazuri na kubakiza yaliyotobolewa na wadudu, na hakuna aliyemrekebisha.

Kuanzia hapo hofu ilihamia mtaani kwetu kama mtu mwenye mizigo. Minza hakwenda tena sokoni bila Masunga. Vijana wa kwenye kona, ambao zamani walimwita kwa jina, sasa walimwita “dili”, kama bidhaa yenye bei, na kucheka, na sikuweza kujua nani anatania na nani anapima. Shangazi, ambaye siku zote alizichukia picha zetu na kusema zinaleta majinamizi, akabadilika. Alisema tuangalie hata kutwa nzima, mradi mtoto awe ndani na mlango uwe na komeo. Basi tukaangalia. Lakini picha zenyewe zilikuwa zimebadilika. Mtu alipogeuka taratibu kwenye korido na kuonyesha uso usio wake, Masunga hakucheka tena. Mimi nilianza kuwaangalia watu wa kawaida, muuza maji, fundi baiskeli, na kujiuliza kama ndani yao kuna kitu kimekaa. Hata leo, nikiwa mtu mzima, nikikutana na mtu mkarimu kupita kiasi huwa naipata ile baridi nyuma ya shingo, na sijui kama niiite busara au ugonjwa.

Katika msimu wa kuuza pamba, Mjomba wake Minza alikuja kututembelea. Alikuwa kaka wa mama yake, jina lake Ngasa, mtu mwembamba, mcheshi, aliyevaa katambuga za tairi na kofia ya sufu hata kwenye joto. Alituletea maziwa mgando kwenye galoni na akamwamkia Shangazi kwa adabu zote, “Ng'wadila mayu,” akiinama. Minza alimpenda. Ndiye aliyekuwa akimbeba begani alipokuwa mdogo, amemfunika kwa koti lake ili jua lisimchome. Siku hiyo tulikuwa tumeweka picha ya chombo cha anga cha wachimba madini. Ndani ya chombo kuna kitu kimeingia kwenye mabomba ya hewa, na baadaye inajulikana kwamba kinamtafuta mtu mmoja tu kati yao, mwanamke fundi wa mitambo, kwa sababu ya kitu kilicho kwenye damu yake. Wenzake wanabishana: wamtoe nje ya mlango wa chombo, au wapigane. Nahodha anakataa kumtoa. Wanakufa wengi, na mwisho anabaki yule mwanamke na nahodha aliyejeruhiwa, wanaelea gizani. Mjomba aliiangalia yote, amekaa kwenye kigoda, mdomo wazi kidogo. Hakujua Kiingereza, kwa hiyo Mwalimu alimtafsiria.

Sinia lilipoletwa tukaanza maoni kama kawaida. Mwalimu alisema nahodha alifanya sawa, kwamba kazi ya nahodha ni kuwafikisha wote au kujaribu. Masunga akasema hiyo picha imeua watu wengi bila sababu. Kisha Mjomba, akimenya karanga, akasema kwa upole, kama mtu anayezungumzia bei ya mbegu:

“Wangemtoa tu yule mmoja. Wengine wote wangefika kwao, na kila mtu angekuwa na maisha yake.”

Masunga akacheka, akasema hata yeye angemtoa. Mimi nilikubali kwa kichwa kwa sababu Mjomba alikuwa mgeni. Minza hakutoa maoni siku hiyo. Aliinuka akachukua galoni la maziwa, akasema anakwenda kulihifadhi, na hakurudi mpaka mjomba wake alipokuwa anaaga.

Aliyeshukiwa baada ya hapo hakuwa Mjomba. Siku moja nikiwa jikoni kwa Shangazi nikipepeta mtama, nilimsikia akizungumza na jirani yetu Mama Kulwa nyuma ya ukuta wa matofali. Mama Kulwa alisema yule mwalimu hana mke, hana ndugu hapa, hakuna anayejua kwao. Alisema kwa nini amnunulie mtoto kofia na mafuta ya ngozi, yeye ni nani yake. Shangazi alisema hata yeye amejiuliza. Kuanzia kesho yake Mwalimu akiingia chumbani Shangazi naye aliingia, akajifanya anapanga magunia. Chakula chake kilianza kuachwa mlangoni badala ya yeye kuitwa mezani. Mwalimu hakujua Kisukuma, ila alielewa. Mwisho wa mwezi alimwambia Shangazi amepata chumba karibu na shule. Alibeba sanduku lake. Televisheni na deki aliziacha, akasema atazifuata akipata nafasi, na akamwomba Minza azifunike vumbi. Nilimwona anapita getini kwetu, amejitahidi kutembea kama mtu asiye na haraka. Nilipumua, nikiamini hatari imeondoka mtaani. Nilikuwa na miaka kumi na saba na niliona ni jambo rahisi hivyo: mgeni kaondoka, sisi wenyewe kwa wenyewe tumebaki.

Haikupita muda Shangazi akaenda Lamadi kufuata mzigo. Aliondoka alfajiri, Masunga akaenda kiwandani, na mimi nikaachiwa kukaa na Minza. Tulikula uji wa mtama, tukafua, na jua lilipopanda tukajifungia chumbani tukaweka picha, moja tuliyoiona mara nyingi, yenye kelele nyingi. Nje kulikuwa na mchana wa kawaida. Mtu alikuwa anapiga misumari kwenye bati, kuku walikuwa wanaparua, watoto wa shule ya msingi walikuwa wamepita kurudi kwao. Ndipo tukasikia hodi, si ya getini bali ya mlango wa chumba chenyewe, kwa sababu geti lilikuwa la miti na kila mtu wa nyumbani alijua kuliinua.

“Minza, ng'wanone. Ni mjomba wako.”

Niliinuka kwa furaha kabisa. Minza alinishika kifundo cha mguu bila kugeuka, akanivuta chini. Akaweka kidole mdomoni. Picha ikaendelea kupiga kelele. Mjomba akasema tena, kwa sauti yenye huruma, kwamba bibi yule kijijini ni mgonjwa sana, amemtaja Minza, anataka kumwona kabla mambo hayajaharibika, na pikipiki ipo, watarudi kesho. Minza alisogea mpaka karibu na mlango, sikio likaelekea kwenye mbao. Alimwamkia mjomba wake kwa heshima. Alimuuliza bibi anaumwa nini. Alimuuliza mama yuko wapi, mbona hakupiga simu kwa sengi, yaani Shangazi. Alikuwa anauliza kama mtu anayetafuta viatu ili atoke. Kisha akauliza:

“Mjomba, uko na nani?”

“Niko peke yangu, mwanangu.”

Minza akageuka, akaninyooshea kidole chini, kwenye uwazi kati ya mlango na sakafu. Macho yake yasingeweza kuona kule, yangu yaliweza. Nililala kifudifudi kwenye mkeka nikachungulia. Niliona katambuga za Mjomba, na vidole vyake vyenye vumbi. Nyuma yake, upande wa ukuta ambako mtu husimama ili asionekane mlango ukifunguliwa, niliona mabuti meusi ya mpira. Hayakuwa yanasogea. Kando ya buti moja palikuwa na ncha ya mfuko wa salfeti uliokunjwa, mtupu.

Niliinua vidole viwili. Minza akakubali kwa kichwa, kana kwamba nimemthibitishia alichokwisha kukisikia. Sitaficha kwamba nilijikojolea pale pale, na ule mkojo ukatambaa kwenye mkeka mpaka kwenye goti lake. Aliuona.

Mjomba akaanza kuharakisha. Akasema anachelewa, afungue mlango tu wazungumze. Akasukuma mara moja, kama mtu anayejaribu. Komeo lilikuwa la chuma lakini mbao zilikuwa kuukuu. Aliposukuma mara ya pili nikapiga kelele, kelele zote nilizokuwa nazo, na kwenye picha wakati huo huo mwanamke naye alikuwa anapiga kelele. Kule mtaani misumari ikasimama kidogo. Nikamsikia mtu anacheka, akisema wameanza tena picha zao hao. Kisha misumari ikaendelea. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya kuogopa. Mwaka mzima tulikuwa tumewazoesha majirani kusikia watu wakichinjwa mle ndani. Tungeweza kufa tukipiga kelele na mtaa ungetikisa kichwa na kuomba tupunguze sauti.

Minza alielewa kabla yangu. Alitambaa mpaka ukutani akachomoa waya wa televisheni. Kukawa kimya ghafla, kimya kilichonitisha kuliko zile kelele, na Mjomba naye akaacha kusukuma. Minza akajiinua, akaegemeza mgongo ukutani, akavuta pumzi, na akapiga mwano. Watu wasiotoka kwetu huenda hawaujui: ni ule mlio mrefu wa tahadhari, unaopanda na kukatika na kupanda tena, ambao Msukuma akiusikia anaacha jembe na kukimbia na chochote alichoshika. Hakuna picha duniani yenye mlio ule. Niliusikia umempasua koo. Mara misumari ikasimama, na safari hii haikuendelea. Mlio mwingine ukamjibu kutoka nyumba ya tatu, wa mwanamke, na mwingine tena kutoka kisimani.

Mabuti yaliondoka kwanza, kwa kukimbia, na tukasikia pikipiki ikiwashwa nyuma ya ua. Mjomba hakukimbia. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi. Alipokuta watu wanaingia, wenye nyundo, wenye fimbo, alivua kofia yake ya sufu akawasalimia. Aliwaeleza kwamba amekuja kumchukua mtoto kwenda kumwona bibi mgonjwa, na hawa wasichana wameangalia mipicha yao ya mashetani mpaka wanaogopa ndugu zao. Aliisema vizuri. Baadhi ya watu walianza kucheka, na fundi wa bati akatuambia kupitia mlangoni tufungue tu, ni mzee wetu. Tungefungua. Mimi ningefungua. Ni Mama Kulwa, yule yule aliyemsema Mwalimu, aliyetoa simu kwenye khanga akasema basi tumpigie Ngolo huko Lamadi, naye ampigie mama wa mtoto, tujue hali ya mgonjwa. Walisubiri majibu wakiwa wamesimama uani juani. Simu iliporudi, aliyezungumza kwa upande wa pili alikuwa bibi mwenyewe, anauliza kwa ukali nani kamzushia ugonjwa. Walipogeuka, Mjomba hakuwepo. Alikuwa ametoka getini kama mtu aliyekwenda kujisaidia.

Polisi walikuja wakaandika. Hakupatikana, na yule wa mabuti hakujulikana kamwe. Miaka ya baadaye tulisikia kwamba Mjomba alionekana machimboni upande wa Geita, kisha tukasikia amekufa, na hakuna aliyekwenda kuhakikisha. Masunga ndiye aliyekuwa amemwambia kwamba mama yake kasafiri. Walikutana kiwandani, Mjomba akamuuliza habari za nyumbani, na yeye akajibu kama mtoto yeyote anavyomjibu mjomba. Hakuangalia tena picha na sisi. Aliacha kazi ya marobota akawa anakaa mlangoni kwa Minza tangu asubuhi, na panga juu ya mapaja.

Usiku wa matanga, mwaka huu, tukiwa tumelala kwenye jamvi moja na wanawake wengine wamekwisha kusinzia, nilimuuliza Minza alijuaje. Aliniambia ni ile siku ya picha ya wachimba madini. Alisema watu wakitoa maoni juu ya picha husema kweli, kwa sababu wanadhani wanazungumzia picha. Aliposikia “wangemtoa tu yule mmoja” alikwenda jikoni akatapika, na tangu hapo alijua kwamba siku moja Mjomba atabisha hodi. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema:

“Wewe ulitikisa kichwa kukubali, Holo. Masunga alicheka. Ningemwambia nani?”

Akaendelea, bila uchungu, kwamba siku ile mlangoni aliogopa watu wawili nje na mmoja ndani. Hakujua kama mimi ndiye niliyemwita Mjomba. Alinivuta chini si kwa kunilinda bali ili nisiwahi komeo. Ni pale mkojo wangu ulipomfikia gotini ndipo alipojua kwamba mimi sikuwa upande wao. “Nilifurahi sana kuuona,” alisema, na tukacheka chini ya khanga kama wasichana, huku mimi machozi yananitoka na sijui ni ya nini. Miaka yote ile nilikuwa nimejisimulia kwamba katika chumba kile tulikuwa wawili dhidi ya dunia. Kumbe mwenzangu alikuwa peke yake.

Mwaka ule uliishia kwa yeye kuondoka. Shangazi alipanda mpaka chumba cha Mwalimu Elinami karibu na shule, akamkuta anasahihisha madaftari, na akamwomba radhi kwa Kiswahili kigumu, akiwa amepiga magoti, jambo ambalo Mwalimu alilikataa kwa kumwinua. Mwalimu ndiye aliyemtafutia Minza nafasi kwenye shule ya bweni kwao Kilimanjaro, yenye ukuta na walinzi, na ndiye aliyesafiri naye. Waliondoka mchana, kwenye gari la mtu waliyemjua, Minza amelazwa kiti cha nyuma chini ya blanketi la kijivu lililotolewa dirishani, kama mzigo wa dagaa. Hatukuagana vizuri. Nilishika mguu wake kupitia blanketi, akausogeza kidogo kunionyesha amejua ni mimi. Nilirudi chumbani nikakikuta kimejaa mwanga. Sijawahi kuona mwanga mbaya vile. Kila kitu kilionekana: mafuta ukutani mahali alipokuwa akiegemea, magamba ya samaki kwenye nyufa za sakafu, vumbi kwenye kioo cha televisheni. Niliitwa chuo cha ualimu, nikaenda, nikaolewa, nikarudi hapa hapa. Sijaangalia picha ya kutisha tangu mwaka ule. Watoto wangu wakiziweka natoka nje.

Matanga yalipoisha, asubuhi ya Minza kuondoka, nilimsindikiza stendi. Alinunua karanga na maji, akapata kiti cha dirishani upande usio na jua, nami nikabaki chini tukizungumza kupitia dirisha. Aliniuliza siku hizi naangalia picha gani. Nilipomwambia siangalii za kutisha alishangaa kweli. Yeye anaziangalia zote, alisema, kwa sauti ya juu, taa zimezimwa, watoto wake wamemkumbatia huku na huku, na mume wake anakimbilia chumbani. Nikamuuliza anawezaje, baada ya yote yale.

“Zinaisha,” alisema. “Majina yanapanda, mtu anawasha taa.”

Kondakta alikuwa anaita abiria wa mwisho. Nyuma yangu, kwenye kundi la pikipiki, kulikuwa na kijana mmoja ambaye hakuwa anaita mtu. Alikuwa ameegemea usukani, anaangalia dirisha la Minza. Aliangalia, akatazama kando, akaangalia tena. Sikumjua. Huenda hakuwa amewahi kumwona mtu kama yeye kwa karibu, huenda alipenda kofia yake, huenda alikuwa anawaza mambo ya kwake tu na macho yakaangukia pale. Minza alikuwa ananisimulia kitu kuhusu mtoto wake mdogo, anacheka. Sikumwambia. Nilisogea hatua moja upande wa kushoto, nikapanua khanga yangu mabegani kama mtu anayejitengeneza vizuri, na nikasimama hapo katikati yao, nikicheka naye, mpaka basi lilipoondoka.